Nani alikata kuni za stima?

Reli ya Katanga ilipofika Bukama mwaka 1918, abiria aliyetoka huku kwetu Lubumbashi alishuka hapo na kupanda stima ya CFL, kampuni ya Wabelgiji ya reli na meli, akateremka na mto Lualaba hadi Kabalo na Kongolo. Anayetaka kuandika habari za stima hizo hukutana na mabishano ya zamani: ashike hati au awasikilize wazee?

Wanaotetea hati wana hoja nzito. Mzee hukumbuka honi na moshi, lakini mwaka humponyoka. Tena, hati isiyokusudia kusimulia chochote ndiyo husema mengi. Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli, alipekua hesabu za mizigo pale Antwerp. Kutoka Kongo ulikuja mpira na pembe za ndovu. Kwenda Kongo zilipelekwa zaidi bunduki na risasi. Hakuwa amekanyaga Kongo, lakini akajua kwamba watu huko wanafanyishwa kazi bila malipo.

Ila daftari huona kile tu kinachomhusu mwenye daftari. Mwaka 1890 Joseph Conrad, baharia aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya, alipanda mto Kongo ndani ya stima Roi des Belges akiandika njia daftarini. Utasoma mafungu ya mchanga, visiki, kona za mto, mahali pa kupakia kuni. Vijiji vimo, lakini kama alama za nahodha. Aliyekata kuni hana jina. Kwangu hapo ndipo penye habari, maana bila magogo yaliyopangwa ukingoni stima ni chuma kinachoelea tu.

Roger Casement, konseli wa Uingereza, alijaribu njia nyingine mwaka 1903. Alikodi Henry Reed, stima ya wamisionari, asitegemee vyombo vya dola ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo kama mali yake, akawahoji wanakijiji wenyewe. Serikali ya Uingereza ilipochapa ripoti yake mwaka 1904 ilifuta majina ya watu na mahali, ikaweka herufi. Kwa hiyo hata hati yenye sauti za watu lazima ilinganishwe na mswada wake. Nyingine hazipo kabisa: mwaka 1908, kabla ya kukabidhi Kongo kwa Ubelgiji, Leopold aliamuru kumbukumbu za dola yake zichomwe.

Wazee nao wasipewe heshima ya bure. Waliopakia kuni miaka ya 1920 wamekwisha kufa. Tunachosikia leo ni maneno ya wajukuu, na mjukuu hupamba. Lakini mji huu una mfano wake. Mwaka 1965 André Yav na wenzake, waliokuwa maboi wa wazungu, waliandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Tarehe zao huyumba, sawa. Ila namna boi alivyomwona bwana wake, ofisi gani ya Wabelgiji ingeiandika?

Kwa tarehe na mizigo, basi, naamini karatasi. Kwa kazi yenyewe, hapana. Karatasi nyingi ziko Ubelgiji, Brussels na Tervuren, na mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, anahitaji viza kuzifikia. Kwenda Bukama hakuhitaji viza. Aanzie huko, aulize kuni zilirundikwa ukingo upi, nani alizikata, na alipewa nini.