Anayeanza Linux achague eneokazi kabla ya distro

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima zikabaki njia panda, kwa sababu Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Ndipo watu ambao hawakuwahi kufikiria Linux, mfumo endeshi ulio huru, wakaanza kuiulizia, na swali lao la kwanza huwa lile lile: nichukue distro gani, yaani mkusanyiko upi wa Linux ulio tayari kusakinishwa: Ubuntu, Mint, Fedora au Debian?

Kwa maoni yangu, hapo wanaanzia pasipostahili. Mgeni hataigusa kerneli, yaani kiini cha mfumo, wala hatajua mfumo wake unapakia vifurushi vya programu vya aina gani. Atagusa menyu, madirisha, folda, mipangilio na kitufe cha kuzimia. Hivyo vyote ni mali ya eneokazi, yaani sura ya mfumo unayoiona na kuitumia kwenye skrini: GNOME, KDE Plasma, Cinnamon, Xfce, MATE na mengineyo. Ubuntu ya kawaida hutumia GNOME, na Kubuntu hutumia Plasma. Zote mbili huchota programu kwenye hazina moja, ila ukimkalisha mgeni mbele yake ataapa kuwa ni mifumo miwili isiyojuana.

Wanaotanguliza distro nao wana hoja. Toleo la Ubuntu la muda mrefu, kama 24.04, hupewa masasisho kwa miaka mitano, ilhali kila toleo la Fedora huhudumiwa kwa takriban miezi 13 tu. Debian ilianza kuweka programu za kuendesha vifaa kama kadi ya Wi-Fi, zisizo na leseni huru, kwenye kisakinishi chake rasmi mwaka 2023. Kabla ya hapo wengi walimaliza kusakinisha wakajikuta hawana Wi-Fi. Hayo ni mambo mazito. Lakini yakishapimwa, hubaki distro mbili tatu ambazo zote zinamfaa anayeanza, na kuanzia hapo ni eneokazi litakaloamua kama mtu atabaki au atarudi alikotoka.

Wingi huu wa maeneokazi haukuja kwa bahati. KDE ilianzishwa 1996. Mwaka uliofuata GNOME ikazaliwa, kwa kuwa Qt, maktaba ya msimbo wa kutengenezea madirisha iliyotumiwa na KDE wakati huo haikuwa na leseni huru. Mgogoro mkubwa zaidi ulikuja 2011, GNOME 3 ilipouondoa upau wa chini na menyu ya kale. Waliokataa wakachukua msimbo wa GNOME 2 na kuuendeleza kwa jina la MATE, na watu wa Linux Mint wakatengeneza Cinnamon. Waligombana juu ya jambo la maana: je, kompyuta ifuate mazoea ya mtu, au imfundishe mtu njia mpya?

Anayeanza anaurithi ugomvi huo bila kujua. Cinnamon inampa menyu pembeni chini, upau wa madirisha na saa kulia. Atafungua barua yake na kuichapisha bila kumuuliza mtu. Wapinzani wanasema mfanano huo unadanganya. Mtu akiona sura ya Windows huitafuta Windows: anapakua faili za .exe, yaani programu za Windows, kwenye tovuti, anatafuta diski C, kisha analalamika kuwa mfumo ni mbovu. GNOME, kwa kuwa haifanani, inamwambia tangu mwanzo kuwa yuko kwingine. Hoja hii naiheshimu, tena GNOME ikishazoeleka inapendeza mno kwenye kompyuta mpakato: vidole vitatu kwenye padi, kitufe kimoja, jina la programu, umefika.

Hata hivyo siipendekezi kwa kila mgeni. Mtu huyu tayari anajifunza mambo mengi kwa mpigo: kupata programu kupitia kidhibiti cha programu cha mfumo, kuandika nywila kila anaposakinisha kitu, kuzoea LibreOffice badala ya Microsoft Office. Ukimwongezea na namna mpya ya kushika madirisha, unamzidishia mzigo. GNOME halisi haina hata kitufe cha kushusha dirisha, na viendelezi, yaani programu ndogo za nyongeza, vinavyokirudisha huweza kuvunjika toleo jipya linapotoka, yaani kila miezi sita. Ubuntu imelainisha hilo kwa kuweka upau wa programu upande wa kushoto. Kwa hiyo kwa walio wengi nachagua Cinnamon, na GNOME ya Ubuntu kwa anayependa kujifunza na asiye na kazi ya haraka wiki hiyo.

Plasma nayo ina sura ya kuzoeleka na inashughulikia vizuri skrini nyingi. Shida yake ni utajiri wa mipangilio: mgeni hufuta upau mzima kwa bahati mbaya asijue pa kuurudishia.

Xfce husifiwa kwa wepesi, na kwenye mashine ya gigabaiti 4 za RAM utauona. Lakini sifa hiyo imekuzwa. Kivinjari chenye kurasa kumi hula kumbukumbu kuliko eneokazi lenyewe, na diski ya zamani ya kuzunguka ikibadilishwa kwa SSD, diski ya kasi isiyozunguka, tofauti huwa kubwa kuliko eneokazi lolote litakavyoleta. Mwenye gigabaiti 8 asichague kwa kigezo cha wepesi.

Mtaambiwa pia kuwa eneokazi hubadilishwa wakati wowote. Ni kweli, amri moja inatosha. Kisichosemwa ni kwamba maeneokazi mawili kwenye mfumo mmoja huleta vidhibiti viwili vya faili, mipangilio ya aina mbili na rangi zinazogongana, na mgeni hajui afute kipi. Heri kuonja kabla. Washa kompyuta kwa flashi uliyoiwekea distro hiyo, usisakinishe, kisha jaribu Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini, printa, na kama mashine inaamka baada ya kulazwa. Kasi usiipime hapo, maana flashi ni nzito kuliko diski.

Kuhusu kuiacha Windows kando ya Linux, nimegawanyika. Mifumo miwili hukupa pa kukimbilia, na hapo ndipo tatizo lilipo: kizuizi cha kwanza tu, umekimbia. Kwa mashine ya ziada nasema futa yote baada ya kunakili faili zako kwingine. Kwa kompyuta pekee ya kazi, weka mifumo yote miwili, zima uwashaji wa haraka wa Windows ili isiifunge sehemu yake ya diski, na kama BitLocker, kifunga-diski cha Windows, imewashwa, nakili ufunguo wake wa kurejesha kwenye karatasi kabla hujagusa mipangilio ya kuwasha kompyuta.