Ya mimea, sawa. Mimea gani?

Nikisikia mtu anaisifu sabuni kwa kuwa "imetengenezwa kwa mimea", huwa nauliza: mimea gani? Maana hata upupu ni mmea.

Nasema hivi nikiwa na ngozi isiyotaka mchezo. Ikikosewa kidogo tu inakakamaa, inawasha, inatoa magamba kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Na sabuni ninayoogea ni hiyohiyo ya mimea, kwa hiyo sina vita nayo. Ninachopinga ni imani kwamba neno hilo likishaandikwa kwenye karatasi, basi mambo yamekwisha.

Sabuni hupatikana pale mafuta yanapochanganywa na kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye maji. Vikishikana vinageuka kuwa sabuni na glisirini, na kipande kilichopimwa vizuri hakibaki na kostiki soda ndani yake. Tatizo ni kwamba sabuni yenyewe, iwe ya zeituni, ya nazi au ya mafuta ya ng'ombe, ina ualkali: pH yake, yaani kipimo cha uchachu na ualkali, hucheza kwenye 9 au 10, ilhali uso wa ngozi yenye afya una uchachu kidogo, karibu na 5. Kila unapoipaka unaiondoa ngozi kwenye hali yake. Ngozi imara hujirudi bila mwenyewe kujua. Ngozi nyepesi huchelewa, na hapo ndipo kujikuna kunapoanza. Hakuna jani wala ua la kubadilisha hilo.

Kinachotofautiana ni ukali, na ukali hutegemea sana aina ya mafuta. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki. Hiyo hutoa povu jingi, zuri kulitazama, lakini linakomba mafuta ya mwilini pamoja na uchafu. Kipande cha nazi tupu ningekipeleka kwenye nguo kabla ya kukipa mtu mwenye ukurutu. Zeituni ina asidi ya oleiki kwa wingi: povu lake ni dogo, zito, lina utelezi unaoweza kukukera mwanzoni, lakini ukishajifuta ngozi haivuti. Sabuni ya Aleppo, mji wa Syria, ya mafuta ya zeituni na ya mti wa loreli, imetengenezwa kwa karne nyingi, na huachwa ikauke miezi kadhaa kabla haijauzwa. Nazi na zeituni zote ni mimea, lakini ngozini haziko sawa hata kidogo. Kwenye orodha ya viungo, "sodium olivate" ndiyo zeituni, "sodium cocoate" ndiyo nazi, "sodium palmate" ndiyo mawese, na kwa kawaida kinachotangulia ndicho kilicho kingi. Wapo pia watengenezaji wanaopunguza kostiki soda makusudi ili kama asilimia 5 ya mafuta ibaki bila kugeuka sabuni, na wanaoiacha glisirini humohumo. Muulize muuzaji hayo. Akianza kukuhadithia nguvu za asili badala ya kujibu, mshukuru uende zako.

Kinachoniudhi zaidi ya yote ni harufu. Watu wanakimbia marashi ya kiwandani, kisha wananunua kipande kilichojaa mafuta ya mchaichai, lavenda na maganda ya machungwa, wakidhani wameokoka. Limonini iliyomo kwenye maganda hayo, na linaluli iliyomo kwenye lavenda, zikipigwa na hewa kwa muda hugeuka kuwa vizio, yaani vitu vinavyoamsha mzio, ambavyo madaktari wa ngozi wanavifahamu sana. Umoja wa Ulaya unataka vitu hivyo vitajwe kwa majina kwenye bidhaa ya kusuuzwa vikizidi asilimia 0.01. Huo si mzaha wa watu wasiopenda maua. Sabuni ya ngozi kama yangu inanukia mafuta tu, au hainukii kabisa, na rangi yake ni ya kuchosha. Anayetaka kunukia ajipulizie kwenye nguo.

Ukiipata, usijimwagie povu mwili mzima kana kwamba umetoka shimoni. Kwapani, kwenye kinena na nyayoni panahitaji sabuni. Mikono na mapaja ambayo hayakushika uchafu, siku nyingi maji yanatosha. Mimi hulitengeneza povu viganjani, sikisugui kipande chenyewe mwilini, na dodoki nimelifukuza bafuni (nalo ni mmea, tukumbushane). Maji yawe vuguvugu, kwani ya moto yanamaliza mafuta ya ngozi kwa kasi hata kama sabuni ni ya upole. Taulo liguseguse tu, lisikwaruze, na mafuta mazito yasiyo na manukato yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Sabuni mpya ijaribiwe kwanza sehemu moja ndogo, ndani ya mkono, kwa wiki moja hivi.

Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wa sabuni za mimea hawapendi kulisikia. Viko vipande vya kuogea ambavyo si sabuni kabisa, vimetengenezwa kiwandani kwa visafishaji vingine, na pH yake imewekwa karibu na ile ya ngozi. Havina hadithi ya kuvutia wala picha ya jani. Kwa mtu ambaye ukurutu wake umechachamaa, ngozi imepasuka au inatoa majimaji, ningemwambia aweke pembeni sabuni zote, hata hii yangu ya zeituni, aogee kipande cha namna hiyo kisicho na manukato, na amwone daktari. Zeituni atairudia ngozi ikishatulia, akitaka.