Alama iliyofutwa na madai ya jana

Wafanyabiashara wengi wa Goma huamini kwamba alama ya biashara ikishafutwa kwenye daftari la Kinshasa, mwenye nayo hana tena la kudai, si kwa kesho wala kwa jana. Kuhusu kesho hawajakosea. Kuhusu jana wanachanganya mambo mawili: kubatilishwa, ambako usajili huhesabiwa kuwa haukustahili kuwapo tangu mwanzo, na kufutwa kwa sababu ya kutotumika, ambako haki iliyokuwa halali hukoma siku fulani.

Kesi ya Ufaransa iliyofika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya inaonyesha tofauti hiyo. Alama ya vileo ya Saint Germain, iliyosajiliwa mwaka 2006, ilifutwa kuanzia tarehe 13 Mei 2011 kwa kutotumika ndani ya miaka 5. Mwenyewe hakuacha kudai fidia kwa uigaji uliotangulia siku hiyo, na Machi 2020 Mahakama ikakubali kwamba sheria ya nchi inaweza kumwachia dai hilo, kwa kuwa ndani ya miaka 5 ya mwanzo hakulazimika kuthibitisha kwamba aliitumia.

Wanaopinga wana hoja. Hapa Birere, mtaa wa soko mjini Goma, mche wa sabuni hukatwa vipande, kisu kikapita katikati ya jina lililogandamizwa juu yake, na anayeondoka na herufi mbili tu bado anajua amenunua sabuni gani. Jina la namna hiyo ndilo huibwa. Jina ambalo halijagusa bidhaa yoyote limemdanganya mnunuzi yupi? Mahakama yenyewe ililiona hilo, ikasema kutotumika kwa alama ni jambo la kupimwa katika kukadiria hasara. Lakini kupunguza fidia hakumaanishi kuifuta, na hapo ndipo mwenye alama husomwa vibaya, kana kwamba anadai asichostahili.

Kinachonisumbua zaidi ni siku yenyewe. Tuchukue fundi wa sabuni aliyeuza katoni yake ya mwisho Februari 2025, benki za mji zilipokuwa zimefungwa kwa sababu ya vita na uwanja wa ndege haufanyi kazi. Miaka 3 ya kutotumika, muda mfupi kabisa unaoruhusiwa na mkataba wa kimataifa nitakaoutaja chini, inatimia Februari 2028. Mshindani anaomba alama ifutwe Novemba 2028. Haki ikikoma siku ya ombi, ambayo ndiyo kanuni ya kawaida kwa alama za Umoja wa Ulaya, aliyeiga jina katika miezi hiyo 9 anawajibika. Ikirudishwa nyuma hadi miaka 3 ilipotimia, kama sheria ya Ufaransa ilivyofanya katika kesi ile kwa miaka yake 5, miezi hiyo inakuwa ya bure kwa mwigaji, ingawa alipokuwa akipakia katoni zake daftari lilikuwa bado linaonyesha jina la mwingine.

Na huenda hata ombi lenyewe lisifaulu. Mkataba wa TRIPS, ule wa kimataifa kuhusu haki za ubunifu na alama za biashara, unaoihusu Kongo kama mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1997, hauruhusu kufuta kabla ya miaka 3 mfululizo ya kutotumika, na unatambua vizuizi vilivyo nje ya uwezo wa mwenye alama. Vita, kwa maoni yangu, ni kizuizi cha aina hiyo, ila fundi atalazimika kuonyesha ni lini hasa kilimzuia: ankara ya mwisho ya mafuta ya mawese, barua ya benki, mzigo uliokwama bandarini.