Mshtuko wa nyota ndani ya maabara: kipi hasa kimepatikana?

Mwaka 1006 nyota ililipuka, mlipuko unaoitwa supanova, na tabibu Ali ibn Ridwan wa Misri akaandika jinsi alivyoiona iking'aa. Mabaki yake bado yanatanuka, umbali wa miaka ya nuru kama 7,000, na kwenye wimbi la mshtuko la ukingoni elektroni, chembe ndogo zenye chaji hasi, hufikia nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) karibu trilioni 100. Mwaka 2020 kundi la Frederico Fiuza wa SLAC, maabara ya fizikia ya Marekani, lilichapisha jaribio la maabara ya leza ya NIF, California. Leza zilipiga vibao viwili vya kaboni vilivyotazamana, plazma (gesi ya moto ambayo elektroni zake zimeachana na atomi) ikafumka kila upande kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, ikakutana katikati na kuzua mshtuko. Elektroni zikafika elektronivolti 500,000.

Wanaobeza jaribio hili wana hoja. Hapo pana pengo la mara milioni 200, na jaribio lenyewe huisha kabla hata sehemu ya milioni ya sekunde haijatimia. Kusema supanova imeundwa maabara ni kutia chumvi.

Ila fumbo kubwa liko mwanzoni mwa safari ya elektroni. Tangu mwanafizikia Enrico Fermi, mwaka 1949, tuna wazo la chembe kupata nishati kwa kudundadunda kati ya nyuga za sumaku zinazosogea. Lakini ili ianze kudunda, lazima tayari iwe na nguvu ya kuuvuka mshtuko, na elektroni, iliyo nyepesi kuliko protoni mara 1,836, hukwama hapo. Nani anaipa msukumo wa kwanza? NIF zilionekana elektroni zenye nishati zaidi ya mara 100 ya zile za kawaida katika plazma hiyo. Watafiti wanasema kazi hiyo ilifanywa na misukosuko midogo ya sumaku ndani ya mshtuko wenyewe.

Kuuiga mshtuko kwa kompyuta peke yake kusingetosha, maana ili kuokoa muda wataalamu mara nyingi huipunguza protoni uzito, ikawa labda mara 100 tu ya elektroni. Maabara haina ujanja huo. Hata hivyo vipimo viliona elektroni zikitoka, si njia zilizopitia. Njia hizo zimesimuliwa na kompyuta zile zile. Hapo ndipo mimi nasita.

Tena miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zinazotujia kutoka angani, ni protoni kwa sehemu kubwa. Jaribio la leza za maabara ya LULI, Ufaransa, lililochapishwa 2021, lilizilenga protoni hizo, ndani ya uga wa sumaku uliowekwa makusudi. Halikuvuma sana, lakini ndilo ningeliongezea fedha.