Usizime sauti ya chuma

Swali ninaloulizwa zaidi na watu walionunua ditekta, mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa, ni hili: "Naifanyaje isilie kwenye misumari?" Jibu langu huwaudhi wengi. Iache ilie.

Naelewa kwa nini linaudhi. Hapa Tabora, mtu anayenunua mashine hii anatafuta mali ya Mjerumani. Na hadithi hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 1916, vita ilipokuwa imeifungia nchi isipate sarafu kutoka Ulaya, Wajerumani waligonga sarafu zao wenyewe papa hapa mjini, kwenye karakana ya reli. Kulikuwa na sarafu ya shaba ya thamani ya heller 20, na kulikuwa na sarafu ya thamani ya rupia 15, ya dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke, yenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji. Dhahabu ipo, Mjerumani kakimbia, basi watu wakamalizia wenyewe sehemu iliyobaki: kaifukia. Tangu hapo mibuyu imechimbwa mizizi, makaburi yamefukuliwa, na kila jiwe lenye alama limegeuka ramani.

Lakini kabla ya Mjerumani, utajiri wa nchi hii ulikuwa chuma. Majembe ya kufua yalibebwa mabegani na wapagazi, yakauzwa njiani, yakatolewa mahari. Mikuki ni chuma. Pingu walizofungwa watu kwenye njia ya kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo ni chuma. Singe za vita vya 1914 hadi 1918 ni chuma. Ukibonyeza kile kitufe cha kuchuja chuma, kinachoifanya mashine inyamaze ikikuta chuma, umeifuta karibu historia yote ya Unyamwezi, umebakiwa na vishikizo vya makopo ya soda.

Hata anayetaka dhahabu tu hasaidiwi na kuchuja. Namba inayotokea kwenye kioo haikuambii "hii ni dhahabu". Inakuambia jinsi umeme unavyopita kwenye kitu hicho, na ukubwa na umbo lake pia vinachangia. Pete ndogo ya dhahabu inaweza kusoma sawa na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, na sarafu ikasoma sawa na kishikizo cha kopo la soda. Ukichuja takataka umechuja na dhahabu.

Mimi nilijifunzia uani kwangu. Nilizika heller moja ya zamani, ya kununua sokoni, kwa kina cha kiganja cha mkono, na msumari wa inchi nne kando yake. Kwanza niliipeleka simu yangu ndani, kwa sababu simu na nyaya za umeme huifanya mashine ipige kelele za bure. Pili, na hapa ndipo wengi wanaporuka, niliisawazisha na udongo. Tafuta mahali pasipo na chuma, shusha koili, ile sahani ya chini, karibu na ardhi, ipandishe, ishushe tena, mpaka sauti isibadilike ikipanda wala ikishuka. Udongo wetu mwekundu una chembechembe za chuma. Usipoisawazisha, ardhi yenyewe italia na utachimba hewa. Ukihama kutoka kichanga kwenda udongo mwekundu, rudia. Usikivu uongeze mpaka mashine ianze kuweweseka, halafu upunguze kidogo tu.

Nikapitisha sahani polepole. Nilipokuwa nimechuja chuma, palikuwa kimya, ile heller imemezwa na msumari. Nilipofungua sauti zote, nikasikia mngurumo wa chini wa msumari, na katikati yake, upande mmoja tu, mlio mwembamba kama wa kinda la ndege. Nilirudia mara ishirini mpaka mke wangu akanifungia dirisha. Siku hiyo nilielewa kwamba kazi hii ni ya masikio.

Mwaka jana mjomba wangu aliniita shambani kwake. Baada ya shikamoo akaniambia, "Mjomba, izime hiyo inayonguruma, tunataka inayoimba tu." Nikamwomba anivumilie. Tulipofika kwenye matuta ya viazi aliyoyalima juzi yake, hedifoni ikanguruma kwa upana wa mikono miwili, na pembezoni mwa mngurumo ikaimba. Chuma kipana, bapa, hudanganya hivyo. Pembeni mwa tuta, pale udongo ulipoporomoka, ncha ilikuwa imechungulia: jembe la kufua, lenye msuka mrefu wa kuchomeka kwenye mpini, limeliwa na kutu mpaka makali yamekuwa kama kipande cha mkate mkavu.

Hatukulichomoa. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kitu kikishang'oka bila kuandikwa kilikuwa wapi na jirani na nini, kimebaki chuma chakavu. Huko Little Bighorn, Marekani, moto uliunguza nyasi za uwanja wa vita mwaka 1983, na mwaka uliofuata wanaakiolojia waliingia na watu wa kujitolea wenye ditekta. Walitembea kwa mstari, wakasimika kibendera kila mashine ilipolia, wakapima kila pointi. Kwa alama zilizoachwa na pini ya bunduki, ile inayogonga risasi, kwenye maganda waliweza kufuata bunduki moja ilivyohama uwanjani mwaka 1876, kwenye vita ambayo kikosi alichokiongoza mwenyewe Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, hakikubakiza hata mtu mmoja wa kusimulia. Maganda yale yangeishia mifukoni mwa watu, nani angejua?

Na sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na kuchimba mambo ya kale bila leseni ni kosa hata kama shamba ni la babu yako. Ukikuta kombora au bomu la zamani, usiliguse. Weka alama, sogea mbali, waite polisi.

Tulipiga picha, tukapima kina, nikaandika majira ya nukta, yaani namba za mahali penyewe kwenye ramani, kutoka kwenye simu, tukalirudishia udongo, kesho yake nikapeleka taarifa halmashauri. Mjomba ameacha hatua nne za tuta bila kupanda viazi. Amezungushia vijiti, na wajukuu wameambiwa wasipite hapo na jembe.