Uigaji utuambie kelele zinatoka wapi

Darubini ya eksirei iliyoko angani haihesabu eksirei za nyota peke yake. Protoni za miale ya kosmiki hupenya kuta za chombo na kugonga alumini, shaba na silikoni. Hapo huzuka elektroni na eksirei nyingine, na nyingi kati yake kigunduzi hakiwezi kuzitofautisha na zile za galaksi; hizo ndizo kelele. Ndiyo maana kabla chombo hakijarushwa, watafiti hukijenga kizima ndani ya kompyuta, mara nyingi kwa programu ya Geant4, kisha wakakimiminia protoni kwa mamilioni.

Kazi hii, yaani uigaji, naipenda. Ugomvi wangu ni kwa wanaoitaka itoe namba moja ya kelele, waipunguze kwenye data, basi. Namba ndiyo udhaifu wake. Darubini ya eksirei ya eROSITA ilirushwa Julai 2019 kwenda L2, eneo lililoko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ikakuta kelele za chembe zimezidi makadirio.

Uigaji unafaa zaidi kumtaja mkosaji. Chukua kamera ya pn ya darubini ya XMM-Newton: ukichora picha kwa eksirei za shaba tu, zenye nishati ya takriban kiloelektronivolti (keV) 8, katikati linatokea tundu. Si ajabu ya anga. Ni umbo la bodi ya elektroniki iliyo nyuma ya kigunduzi! Kwa hiyo modeli inayoacha bodi eti ni kitu kidogo siiamini, hata ikipigwa protoni ngapi. Kwenye kigunduzi cha X-IFU cha mradi wa darubini ya Athena, uigaji uliinyoshea kidole ngao ya metali ya niobi inayozunguka kigunduzi kuwa chanzo cha elektroni nyingi, na wahandisi wakapendekeza kuifunika kwa kaptoni, aina ya plastiki, chombo kingali kwenye michoro.

Namba yenyewe ipimwe hukohuko juu, kichujio kikiwa kimefungwa ili mwanga wa anga usiingie. Anayechunguza kingo za makundi ya galaksi, ambako kelele huushinda mwanga, akikosea asilimia chache tu hupata halijoto ya gesi isiyo yake.

Tena kompyuta hufuata njia ulizoiwekea tu. Mwaka 1999, vioo vya darubini ya Chandra vilizielekeza protoni za nishati ndogo moja kwa moja kwenye CCD, yaani vigunduzi vya kamera yake ya ACIS, na nyingi kati ya CCD hizo zikadhurika ndani ya wiki chache. Njia hiyo haikuwa imetarajiwa. Tangu hapo, Chandra ikipita kwenye mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia, ACIS huondolewa kwanza mbele ya vioo.