Kila akitajwa bata wa waridi, tunaambiwa ni yule mwekundu

Bata kichwa-chekundu nilimwona kwa mara ya kwanza katika bwawa la St James's Park, London, asubuhi moja ya baridi kali. Dume lilikuwa na kichwa cha mviringo chenye rangi ya kutu, mdomo mwekundu kama pilipili na kifua cheusi tii. Likazama, likaibuka na majani ya majini, likampelekea jike, naye akala. Nilisimama pale mpaka vidole vikaniganda.

Jina lake la kisayansi ni Netta rufina. Yuko kuanzia Hispania hadi Asia ya Kati, na majira ya baridi makundi makubwa hushuka India. Ni wengi, na hakuna anayehofia kwamba watatoweka karibuni. Ninamtaja kwa sababu amekuwa jibu la kila swali kuhusu bata mwingine ambaye pengine hayupo tena: bata kichwa-waridi, Rhodonessa caryophyllacea.

Huyu alikuwa wa nyanda za mito Ganges na Brahmaputra, kule Bihar, Bengal na Assam, hadi Myanmar. Wahindi walimwita gulab-sir, yaani kichwa cha waridi. Mwili wake ulikuwa wa kahawia iliyokolea, halafu ghafla shingo na kichwa vinawaka waridi. Rangi hiyo ni ya karotinoidi, jamii ileile ya rangi inayowapamba heroe wetu wa Nakuru na Natron, na kwa bata ni nadra mno. Hata mayai yake yalikuwa ya ajabu, karibu duara kamili.

Mwekundu hupenda maji ya wazi na huonekana kwa makundi. Wa waridi alijificha kwenye vidimbwi vilivyozungukwa na nyasi ndefu kumpita mtu, wawiliwawili au kikundi kidogo. Nyasi zile zikafyekwa ziwe mashamba. Wawindaji nao walisema nyama yake si tamu, lakini walimpiga vilevile, na kadiri alivyoadimika ndivyo wakusanyaji walivyozidi kumtaka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: watu walijua ni adimu, na kujua kwao kukampandisha bei tu.

Wa mwisho mwenye ushahidi usiotiliwa shaka alipigwa risasi Darbhanga, Bihar, Juni 1935. Wachache walikuwa wakifugwa na Alfred Ezra, mfugaji wa ndege, huko Foxwarren Park, Surrey, si mbali na bwawa lile nililosimama. Hawakuzaliana. Wakafa mmoja mmoja.

Tangu hapo, kila anayesema kamwona anaambiwa: ulichoona ni yule mwekundu. Mara nyingi ni kweli, sikatai. Kwa mbali, jua la jioni likiwapiga, vichwa hufanana, na kuna wataalamu waliowahi kuwaweka katika jenasi moja. Lakini tazama wanaporuka. Mwekundu ana mstari mpana mweupe kwenye bawa. Wa waridi hana weupe huo; bawa lake lina ukanda hafifu wa hudhurungi, na kwa chini lina waridi.

Wapo wanaotaka faili lifungwe. Mimi napinga. Vinamasi vya kaskazini mwa Myanmar ni vigumu kufikika. Mwaka 2017 watafiti walimtafuta karibu na ziwa Indawgyi, jimbo la Kachin. Hawakumpata, ila walirudi na simulizi za wakazi. Kwa nini neno la mvuvi anayelala kando ya maji hayo lipimwe chini ya la mgeni wa wiki mbili? Bata mzamaji wa Madagaska naye alidhaniwa kwisha hadi 2006, alipokutwa kwenye ziwa dogo kaskazini mwa kisiwa, wazima tisa na makinda manne. Leo vizazi vyao vimerudishwa ziwa Sofia.

Orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, bado inamweka kichwa-waridi kwenye hatari kubwa kabisa, bila kumwandika kuwa ametoweka, nami naiunga mkono. Akishaandikwa hivyo, nani atatoa senti kulinda nyasi zile? Wavuvi wa Kachin wapewe picha mbili, bata wote wawili mbawa zikiwa wazi, na akija mmoja wao kusema kamwona, aulizwe kwanza: bawa lilikuwa na mstari mweupe?